Mate na Wanga: Kazi Inayoanzia Mdomoni

Uji wa mtoto ulioachwa nusu bakulini, kijiko kikiwa kimekwenda mdomoni na kurudi mara kadhaa, huwa mwepesi ukikaa kidogo. Ulipotoka jikoni ulikuwa mzito; baada ya muda unatiririka kama maji ya mchele, na mlezi huumwaga akidhani umeharibika. Mate yaliyobebwa na kijiko ndiyo yaliyoukatakata wanga, na wanga ndio uliokuwa ukiupa uji uzito wake. Jambo hilohilo hutokea katika kinywa cha kila mtu anayetafuna anjera (chapati laini ya rojo iliyochachushwa), wali, sima au kiazi, ila mdomoni halionekani.

Wanga ni akiba ya chakula cha mmea. Mahindi, mtama, ngano, mchele, muhogo na ndizi mbichi huhifadhi sukari yao kwa kuiunga pingili kwa pingili mpaka iwe mnyororo mrefu, kisha minyororo hiyo hufungashwa ndani ya chembe ndogo mno. Kila pingili ni glukosi, ile sukari ambayo damu huisambaza mwilini. Aina moja ya mnyororo, amilosi, imenyooka. Nyingine, amilopektini, ina matawi kama mgunga. Mnyororo mmoja waweza kuwa na maelfu ya pingili, na utumbo wa binadamu hauna njia ya kuupitisha kwenda katika damu, kwa kuwa hupitisha pingili moja moja tu. Kwa hiyo wanga wowote unaoliwa, uwe wa pilau ya harusi au wa unga wa msaada, lazima ukatwe mpaka ubaki glukosi tupu. Mkataji wa kwanza yumo ndani ya mate.

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kazi ya mkataji huyo imekua kwa kadiri sahani ilivyobadilika. Mfugaji wa ngamia wa zamani aliishi zaidi kwa maziwa, nyama na samli, na nafaka ilimfikia kwa kubadilishana na wakulima au wafanyabiashara. Maziwa yana sukari yake, laktosi, lakini hayana wanga. Nyama nayo haina wanga wa kutajika. Leo asubuhi ya mjini Garissa huanza kwa anjera na chai, pengine na maini pembeni. Mchana huletwa wali au pasta na nyama ya mbuzi, na jioni huenda ikawa soor, ambayo ni sima ya mahindi inayoliwa kwa maziwa au samli. Pasta ilifika kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Italia. Kandokando ya Mto Tana Wapokomo wamelima mahindi, ndizi na mpunga kwa vizazi vingi, na katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, posho ya msaada kwa miaka mingi imekuwa nafaka, kunde na mafuta. Mate ya mkazi wa leo yanakutana na wanga mwingi kuliko yale ya babu yake aliyekuwa malishoni.

Mate hutoka katika jozi 3 za tezi kubwa na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Jozi iliyo kubwa kuliko zote imekaa mbele ya masikio. Ndiyo inayovimba mtu anapougua matubwitubwi. Jozi ya pili iko chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi. Kazi zao hazilingani. Tezi za mbele ya masikio hutoa mate mepesi yenye mkataji mwingi wa wanga, na mlango wa mfereji wake uko ndani ya shavu, karibu na gego la pili la juu, mahali hasa ambapo chakula kinasagwa. Tezi za chini ya ulimi hutoa zaidi ute wa kulainisha. Mtu mzima hutengeneza takriban lita 0.5 hadi 1.5 za mate kwa siku, na asilimia 99 ya hayo ni maji. Kilichobaki, yaani chumvichumvi, ute na protini, ndicho chenye kazi inayozungumzwa hapa.

Tezi hizo huamriwa na neva, na neva hazingoji chakula kiguse ulimi. Harufu ya nyama inayokaangwa kwa samli hutosha, na kwa mtu mwenye njaa hata mlio wa sufuria. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alilichunguza jambo hilo kwa mbwa mpaka jina lake likawa methali katika vitabu vya shule. Hofu hufanya kinyume: hukausha kinywa. Limau hufungua tezi kuliko karibu kila kitu kingine, na ndiyo maana mate humjaa mtu kwa kuliona tu likikatwa.

Mkataji wa wanga huitwa amilesi. Ni protini ya aina ya kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha badiliko fulani bila chenyewe kuisha, kama kisu kinachokata mkate mmoja na kuwa tayari kwa mwingine. Mwaka 1831 mwanakemia Mjerumani, Erhard Friedrich Leuchs, alionyesha kwamba mate hugeuza wanga kuwa sukari. Miaka 2 baadaye Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga kitu kama hicho kutoka katika shayiri iliyochipuzwa. Mbegu nayo ina amilesi yake, kwa sababu chipukizi hulazimika kula akiba yake kabla halijapata majani.

Amilesi hufanya kazi vizuri katika joto la mwili, nyuzi 37, na mahali ambapo si pachachu wala si pa magadi. Mate yenyewe yako karibu na hali hiyo. Pia huhitaji kloridi, ambayo imo katika chumvi ya kawaida, na kalsiamu ya kuiweka imara. Hushika mnyororo wa wanga popote katikati na kuukata, kisha hukata vipande vilivyobaki, mpaka upatikane mchanganyiko wa vipande vifupi: maltosi yenye pingili 2, maltotriosi yenye 3, na vijiti vyenye matawi ambavyo haiwezi kuvimaliza kwa sababu kiungo cha tawi hakikai sawasawa katika meno yake. Glukosi moja moja hutoka kidogo sana hapo. Mtu akitafuna kipande cha anjera kwa dakika nzima bila kumeza huonja utamu hafifu ukija. Huo ni utamu wa maltosi, nao ni mdogo kuliko wa sukari ya chai.

Wanafunzi wa sekondari huyaona hayo maabarani kwa iodini. Tone la iodini likiwekwa katika uji wa wanga, uji hugeuka buluu iliyokolea hadi karibu na nyeusi. Mate yakichanganywa na uji huo na kuachwa katika maji ya uvuguvugu, kila baada ya dakika chache tone jipya huonyesha rangi ikififia, mpaka iodini inabaki na rangi yake ya kahawia. Mate yaliyochemshwa kwanza hayafanyi lolote, kwa kuwa joto kali huharibu umbo la kimeng'enya, na kimeng'enya bila umbo lake ni sawa na kisu kilichoyeyuka.

Hata hivyo mate peke yake hayawezi kuushinda wanga mbichi. Ndani ya punje ya mahindi makavu chembe za wanga zimejifunga kwa kubana, na amilesi hupata sehemu ndogo tu ya kushika. Moto ndio unaozifungua. Katika maji ya joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, kutegemea nafaka, chembe hunywa maji, huvimba na kupasuka, na minyororo hulegea. Hiyo ndiyo maana ya sima kuiva: unga uliokuwa ukitiririka unashikana na kuanza kuvuta mwiko. Kwa hiyo mpishi huyatangulia mate, na pengine sifa nyingi ipewazo amilesi ni zake yeye.

Anjera imeandaliwa mapema zaidi. Unga wa ngano, wakati mwingine ukichanganywa na wa mahindi au mtama, hukorogwa na maji na hamira au kianzio cha jana, kisha huachwa usiku kucha uchachuke. Katika saa hizo vimeng'enya vya nafaka yenyewe huanza kukata wanga kidogo, na hamira hula sukari inayopatikana na kutoa hewa. Rojo ikizungushwa juu ya kikaango cha moto, hewa hiyo hutoboa vijitundu vingi upande wa juu. Vijitundu hivyo vina faida kinywani, kwa sababu mchuzi, chai na mate hupenya kama maji katika sponji. Pasta ni kinyume chake. Wanga wake umefumbatwa ndani ya utando wa protini ya ngano ngumu, na tena watu wengi huivuta na kuimeza kwa kutafuna mara chache, hivyo mate huigusa juujuu tu. Wali uko katikati: punje iliyopondwa na meno hupata mate ndani, ile iliyomezwa nzima husubiri mbele ya safari.

Ndizi mbivu inayoliwa pamoja na wali, desturi ambayo wageni huishangaa wakifika Garissa mara ya kwanza, haimhitaji kabisa mkataji huyu. Ndizi mbichi ina wanga wa takriban robo ya uzito wake, lakini inapoiva hujikatia yenyewe mpaka karibu wote unakuwa sukari. Tende nayo haimhitaji. Mfungaji anayefuturu kwa tende hupata glukosi na fruktosi zilizo tayari kupenya katika utumbo, wakati sambusa inayofuata bado ina safari ndefu.

Chakula hukaa mdomoni kwa sekunde chache tu, na hapo ndipo maelezo mengi ya shule yanapomwacha msomaji. Vitabu vya fiziolojia hukadiria kwamba wanga unaokatwa kabla ya kumeza hauzidi asilimia 5 hivi. Ingekuwa hadithi inaishia hapo, amilesi ya mate ingekuwa pambo. Kazi yake kubwa hufanyika baada ya tonge kumezwa. Tonge likifika tumboni haliyeyuki mara moja. Hulala sehemu ya juu ya tumbo pamoja na matonge yaliyolitangulia, na asidi ya tumbo hulishambulia kutoka nje kuelekea ndani. Katikati ya tonge hali hubaki kama ya mdomoni, na amilesi iliyomezwa huendelea kukata. Hili laweza kuchukua nusu saa, hata zaidi, mpaka misuli ya tumbo ivuruge kila kitu na asidi ifike katikati. Uchachu ukizidi kiasi, amilesi hupoteza umbo na kukoma. Kufikia wakati huo, kwa makadirio ya vitabu hivyohivyo, asilimia 30 hadi 40 ya wanga huwa imekwisha kukatwa vipande. Kutafuna vizuri kuna maana kwa sababu hiyo: hupanda amilesi ndani ya tonge, mahali asidi inapochelewa kufika.

Limau basi lina tabia mbili. Linaita mate kwa wingi, lakini likikamuliwa kwa wingi juu ya wali huleta uchachu ndani ya tonge lenyewe na kuifunga amilesi kabla ya wakati. Mlaji hana haja ya kuhofu, kwa kuwa kongosho lipo.

Kongosho humimina amilesi yake katika mwanzo wa utumbo mwembamba, pamoja na maji ya magadi yanayozima asidi. Amilesi hiyo ni ndugu wa karibu wa ile ya mate, nayo huumaliza wanga uliobaki kwa haraka. Vipande vifupi hukamilishwa na vimeng'enya vilivyopandwa kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo hukata maltosi na vile vijiti vyenye matawi kuwa glukosi, na glukosi huingia katika damu papo hapo. Mtu aliyepoteza mate yote kwa ugonjwa bado atameng'enya wali wake. Taabu yake itakuwa kumeza, kuonja na kulinda meno. Wanga uliopikwa kisha ukapoa, kama sima ya jana, hujifunga tena kwa sehemu na kuwa mgumu kwa amilesi zote mbili. Sehemu hiyo hufika utumbo mpana na kuliwa na bakteria.

Mifugo ya eneo hili haina sehemu katika mpango huu. Mate ya ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu hayana amilesi kabisa. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, lakini kazi yake ni kulainisha majani na kuzuia tumbo la kwanza lisichachuke kupita kiasi, ili vijidudu vilivyomo vifanye kazi ya kuvunja malisho. Mnyama anayekula majani hana sababu ya kugharimia kimeng'enya cha wanga mdomoni. Panya na nguruwe, wanaokula nafaka na mizizi, wanacho.

Tofauti kama hiyo imetafutwa miongoni mwa watu pia, na sehemu ya ushahidi ilipatikana Afrika Mashariki. Jeni inayotengeneza amilesi ya mate, AMY1, haipatikani kwa idadi moja kwa watu wote: mmoja anaweza kuwa na nakala 2, mwingine zaidi ya 10, na mwenye nakala nyingi kwa kawaida huwa na amilesi nyingi. Mwaka 2007 George Perry na wenzake walilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zile zinazokula kidogo. Katika kundi la kwanza walikuwamo Wahadza wa Tanzania, wanaochimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Katika la pili Wadatoga, majirani zao wafugaji, na Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo. Asilimia 70 ya watu wa kundi la wanga mwingi walikuwa na nakala 6 au zaidi, dhidi ya asilimia 37 ya kundi la pili. Wahadza na Wadatoga wanapakana, jua lao ni moja na mvua yao ni moja. Tofauti iliyowavutia watafiti ni ya chakula.

Wasomali wa kaunti hizi hawakuwamo katika utafiti huo, na haifai kuwakopesha matokeo ya Wadatoga. Jambo lililochunguzwa zaidi kwa wafugaji wa upande huu wa Afrika ni uwezo wa mtu mzima kumeng'enya laktosi. Mwaka huohuo wa 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo huo ulizuka Afrika kwa mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Ulaya. Miili ya wafugaji, kwa maneno mengine, ilijifunza maziwa kwa njia yake. Kama amilesi nyingi humkinga mtu na kisukari au unene bado ni ubishi: utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha nakala chache na unene ulipingwa na mwingine mwaka uliofuata.

Mtoto mchanga huzaliwa na amilesi haba sana. Ile ya mate huongezeka katika miezi ya kwanza. Ya kongosho huchelewa zaidi. Maziwa ya mama yana amilesi yake, ambayo humsaidia mtoto anapoanzishiwa uji baada ya miezi 6, umri ambao Shirika la Afya Duniani hupendekeza. Nchini Tanzania, tangu miaka ya 1980, wataalamu wa lishe wamehimiza matumizi ya kimea, yaani unga wa mtama au ulezi uliochipuzwa, kukaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha kimea hufanya katika sufuria kile mate yanachofanya bakulini: uji mzito hulainika, na mama anaweza kutia unga mwingi zaidi bila mtoto kushindwa kumeza. Uji huo huchemshwa tena kabla ya kumpa mtoto. Mahali ambapo ukame hupunguza maziwa, kama ilivyo kaskazini mashariki mara kwa mara, maarifa haya yangestahili kujulikana zaidi ya yalivyo.

Joto la Garissa, ambalo mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, hukausha kinywa upesi, na mwili uliopungukiwa maji hubana tezi za mate. Baadhi ya dawa za presha na mzio hufanya hivyo pia, na miraa huacha kinywa kikavu baada ya saa nyingi za kutafuna. Katika mwezi wa Ramadhani mate hupungua kadiri mchana unavyoendelea, hivyo maji wakati wa kufuturu hurudisha pia kile kinachohitajika ili tonge la kwanza la anjera liloe.

Amilesi ina upande mmoja mbaya. Chembe za mkate, biskuti au anjera zilizonasa kati ya meno hukatwa vilevile, na maltosi inayopatikana huwa karamu ya bakteria wanaotoa asidi inayokula meno. Mchana mate huiosha asidi hiyo na kuizima. Kijiti cha mswaki, mti unaoota kwa wingi katika nyanda hizi, husaidia mara mbili, kwa nyuzi zake zinazosugua na kwa mate mengi yanayotoka wakati wa kukitafuna. Usiku, mtu anapolala, tezi za mbele ya masikio karibu zinasimama kabisa, na chembe iliyobaki haina wa kuiosha mpaka alfajiri. Mswaki wa kabla ya kulala una kazi kubwa kuliko ule wa asubuhi.